Daftari la Bwana Hakuna

Kila asubuhi ya kazi, kwa miaka kumi na mmoja, fundi alifungua mlango wa chumba namba nane kwa ufunguo uliofungwa kamba ya kiatu, akavua viatu, akasoma namba za pampu moja baada ya nyingine, kisha akakaa kwenye kiti chenye mguu uliogangwa kwa waya. Hapo alitazama mstari kwenye kompyuta kwa dakika kumi kamili za saa ya ukutani. Halafu alifungua daftari lenye jalada jeusi, akaandika tarehe, na mbele yake neno moja: Hakuna.

Ndiyo maana watu wa jengo lile walimwita Bwana Hakuna. Jina lilianzia kwa wafagizi, likapanda ngazi hadi kwa wahadhiri, likatoka getini likamfuata mpaka nyumbani. Mkewe alilipokea kwa mikono miwili.

"Bwana Hakuna karudi," alikuwa akisema fundi anapoinama kuvua viatu mlangoni. "Leo mmeona nini huko?"

"Hakuna."

"Basi na sufuriani hakuna." Akacheka peke yake, akampakulia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Profesa. Kulikuwa na tangi la chuma, refu kama watu wawili waliolala kichwa kwa miguu, na pampu ziliunyonya upepo wote uliokuwamo mpaka kukabaki ombwe, yaani nafasi isiyo na vumbi, wala unyevu, wala hewa. Mwanga mwembamba mwekundu ulipita katikati, kutoka ncha hadi ncha. Ubavuni, kwa ndani, kulikuwa na kitambuzi kidogo walichokiita jicho. Jicho halikuutazama ule mwanga. Lilitazama giza la pembeni yake. Mwanga ukienda zake moja kwa moja, jicho halioni kitu. Lakini kikipita kitu ndani ya ile nafasi, hata kisichoonekana, kikausukuma mwanga upande japo kwa unywele, jicho lingeshtuka, na mstari kwenye kompyuta ungeruka.

"Kitu gani hicho kitakachopita kwenye tangi lililofungwa?" mkewe aliwahi kumuuliza, miaka ya mwanzo.

"Profesa anasema nafasi yenyewe haikai tuli. Inakunjika. Na mkunjo ukijifunga fundo, ukakaa, hilo fundo nalo ni kitu, ingawa halikutengenezwa kwa chuma wala udongo. Linaweza kupita ukutani kama wewe unavyopita mlangoni."

"Na kama halisukumi huo mwanga wenu?"

"Basi hatutaliona."

"Lakini litakuwapo."

"Huenda."

"Debe tupu ndilo livumalo, baba. Hilo lenu hata kuvuma halivumi."

Swali lilimkaa fundi kifuani. Yeye hakusoma mpaka mbali. Ufundi wa pampu alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichokatika jalada, na alikuwa mtu wa kutafuna jambo polepole. Baada ya wiki nzima alimuuliza Profesa: kitu kisichosukuma mwanga, kisichovuta, kisichogusa chochote, kipo au hakipo? Profesa alikuwa mwanamke mwembamba wa kuvaa sweta hata siku za jua. Hakumjibu siku ile. Alimjibu kesho yake, mlangoni, akiwa na mkoba begani.

"Siwezi kusema hakipo, fundi. Naweza kusema tu kwamba tuliangalia, na tuliangalia kwa muda gani. Zaidi ya hapo hatuna kitu."

Tangu siku hiyo fundi aliacha kusubiri mstari uruke. Aliona kwamba kazi yake ilikuwa kuangalia, na kuangalia kulimtosha.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mwisho. Chuo kilikitaka chumba namba nane, na Profesa alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Makala yake ilikuwa tayari, kurasa ishirini na mbili zilizobanwa kwa kibanio cha bluu, na Ijumaa ndiyo siku ya kuituma. Uzito wake wote ulikuwa kwenye hesabu moja. Wenzake wa ng'ambo walikuwa wameangalia kwa miaka minane bila kuona kitu. Yeye alikuwa ameangalia kumi na mmoja. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameitazama nafasi tupu kwa muda mrefu kuliko wao wawili, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Profesa angeliacha nyuma yake. Hakuwahi kulisema hivyo, lakini fundi aliona jinsi alivyokuwa akiishika ile makala, kama mtu aliyebeba mayai.

Jumatano tangi lilifunguliwa.

Karani wa stoo alikuja na gundi na vibandiko vyake kuhesabu mali ya chuo. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani, asiyependa kusimama. Alikalia sanduku la spana, akaweka faili mapajani.

"Mzee, nikiandika 'tangi moja, tupu', nitakuwa nimekosea?"

"Andika tangi moja."

"Mbona mkali? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nyie mmelisema miaka kumi na mmoja, mbona halijaja?"

Fundi alifungua valvu nusu mzunguko. Hewa ikaanza kuingia kwa mluzi, mluzi mrefu uliopungua taratibu, ukawa kama pumzi ya mtu aliyelala, ukakatika. Alianza kulegeza nati za dirisha la ubavuni, moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, kama kitabu kilivyomfundisha.

"Halafu kuna ombi lako humu," karani alisema huku akifunua karatasi. "Taa ndogo ya ndani, moja. La miaka minne iliyopita. Bado unaitaka?"

"Ingekuja nikiwa kaburini."

"Foleni ndefu, mzee, si mimi. Nifute?"

"Futa."

Nati ya kumi na mbili ilitoka. Fundi aliingiza mkono mpaka begani, akapapasa, akalishika jicho, akalizungusha robo na kulitoa nje kwenye mwanga wa dirisha.

Lilikuwa limevaa kifuniko.

Kifuniko chenyewe kilikuwa kipande cha mpira mweusi, kikubwa kama kizibo cha chupa ya soda. Hukivalisha jicho unapolisafisha, vidole visije vikaacha mafuta juu ya kioo chake. Ukimaliza, unakivua. Kumbe hakikuvuliwa. Kilikuwa kimekaa pale, kimebana vizuri, safi kabisa, kama kilivyowekwa.

"Na hicho kidude?" karani aliuliza.

"Kifuniko."

"Kina namba ya stoo?"

Fundi alikigeuza. "Hakina."

"Basi kwangu mimi hakipo," karani alisema, akabandika kibandiko kwenye tangi na kuendelea na pampu.

Fundi akakitia mfukoni.

Tangi lilikuwa limewahi kufunguliwa mara moja tu kabla ya hapo, miaka minne iliyopita, mafuta ya pampu yalipovuja. Alilisafisha yeye, akalifunga yeye. Alijaribu kuikumbuka siku ile, saa ya kurudisha jicho ndani, alikuwa amesimama wapi, alikuwa akiwaza nini, na hakupata chochote. Siku nzima ilikuwa imefutika. Lakini ilikuwapo, ushahidi wake ulikuwa unamgusa paja.

Na hilo la kifuniko halikuwa peke yake. Daftari lilikuwa na safu mbili. Safu ya pili ilikuwa ya Hakuna. Safu ya kwanza ilikuwa ya jicho: kila asubuhi, kabla ya kuangalia, uliwasha taa ndogo ndani ya tangi kwa sekunde moja, mstari ukaruka, ukajua jicho halikulala, ukaandika: macho. Taa hiyo iliungua wakati ule ule wa mafuta kuvuja. Aliandika ombi stoo. Profesa alisema wafunge tu, maana kulinyonya tangi upya kulichukua miezi mitatu, na taa wangeiweka siku tangi litakapofunguliwa tena. Wiki ya kwanza fundi aliiacha safu ile wazi. Uwazi ule ulimkera, kama meno yaliyong'oka. Wiki ya pili akaandika macho, kwa penseli, akijiambia atafuta taa ikija. Baadaye akaanza kuandika kwa kalamu.

Jicho lililofunikwa huona nini? Huona giza. Na ombwe lenye hali nzuri huonekanaje? Giza. Mstari ulikaa umenyooka kama ulivyotakiwa kunyooka, na yeye akaandika alichotarajia kuandika, siku baada ya siku.

Jioni alimkuta mkewe ameloweka miguu kwenye beseni. Alikuwa mfuaji wa hospitali, na kutwa alikuwa amesimama mbele ya mashine za shuka.

"Bwana Hakuna karudi. Leo mmeona nini?"

Fundi alitoa kifuniko, akakiweka juu ya meza.

Alimweleza yote, polepole, na habari ya taa hakuiruka. Mkewe alisikiliza huku akivichua vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Karani amekiona, lakini hajui ni nini."

"Na ukikitupa chooni?"

"Kimekwisha. Kitakuwa kama hakikuwapo."

"Unataka kukitupa?"

"Sijui. Nimekizungusha mfukoni njia nzima. Makala inaondoka keshokutwa. Wenzake wana minane. Ukitoa minne kwenye kumi na mmoja…"

"Saba, najua kutoa." Alinyanyua mguu mmoja, ukachuruzika maji. "Nikwambie kitu nilichokuficha? Mwaka ule nilipokuwa wodini kabla sijahamishiwa kwenye mashine. Niliona kitanda kitupu alfajiri, shuka limevurugika, hakuna mtu. Jirani yake alikuwa amefariki usiku. Nikajua na huyu kafuata. Nikakunja shuka, nikafunga viatu vyake na kitambaa chake kwenye fuko la marehemu, nikaandika kitanda kitupu. Mara mzee wa watu huyo anatoka msalani, anajikongoja ukutani. Akanitazama, akalitazama fuko. Unajua alisema nini? 'Binti yangu, si ungegonga mlango kwanza.'"

Fundi alicheka bila kutaka, na mkewe naye akacheka, mpaka maji ya beseni yakatikisika.

"Sasa mimi," alisema alipotulia, "nilikosea, lakini kitanda nilikitazama kwa macho yangu. Wewe hata kitanda hukukitazama, baba. Uliandika tu."

Maneno yalimwingia, na hakuwa na pa kuyaweka. Alitaka kusema kwamba alikuwa amechoka miaka ile. Lakini nani ambaye hakuwa amechoka? Mbele yake kulikuwa na miguu iliyovimba mpaka kwenye vifundo.

"Profesa atavunjika moyo," alisema.

"Atavunjika. Ila bora avunjwe na mtu anayemjua." Alimpa mkono amwinue. "Kesho vaa shati la bluu. Lile jeupe kola imechoka kama mwenyewe."

Alhamisi asubuhi ofisi ya Profesa ilikuwa imejaa maboksi. Makala ilikuwa peke yake juu ya meza. Fundi hakukaa. Alikiweka kifuniko kando ya ile makala.

"Ni nini hiki?"

"Kifuniko cha jicho. Nimekikuta jana. Kilikuwa kimevalishwa."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. "Tangu lini?"

"Tangu tulipofunga mara ya mwisho. Nilifunga mimi."

Profesa alikichukua, akakiviringisha kati ya vidole viwili. Nje mtu alikuwa anafagia, na fagio lilikwaruza, likaacha, likakwaruza. Midomo ya Profesa ilitikisika kidogo. Alikuwa anatoa minne kwenye kumi na mmoja, ingawa jibu alilijua.

"Saba," alisema.

"Saba, Profesa."

"Daftari linasema jicho lilikuwa macho. Kila siku."

"Niliandika mimi."

"Mwandiko wako naujua. Nakuuliza, uliliamsha?"

"Hapana. Taa ilikuwa imeungua. Niliandika kwa mazoea."

Profesa alikiweka kifuniko chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. "Kusahau kifuniko," alisema, "kungemtokea mtu yeyote. Hilo la kuandika…" Hakumalizia. Alivuta droo, akalitoa daftari la mwisho, akafunua. Chini ya kila ukurasa, kwa wino wa kijani, kulikuwa na sahihi yake ya Ijumaa. Alipitisha kidole kwenye moja, akafunua, akapitisha kwenye nyingine.

"Na mimi nilikuambia ufunge bila taa. Halafu sikuiulizia tena. Miaka minne, fundi, nasaini."

Fundi hakujua auweke wapi mkono wake. Aliuweka mgongoni. "Ukitaka, barua ya maelezo niandike mimi. Useme ni mimi."

"Nitaandika mwenyewe." Aliisukuma makala pembeni. "Kesho haiendi. Itakwenda na saba, siku nitakapopata nguvu. Walio na minane wataipitia macho wakiwa wanakunywa chai."

"Nisamehe, Profesa."

Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Baadaye bega lake moja likaanza kutikisika, na fundi akaogopa, mpaka alipogundua kuwa anacheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na pumzi za kutosha.

"Miaka minne kulikuwa na kitu ndani ya lile ombwe," alisema. "Kitu kizima, chenye rangi, kilichotengenezwa kiwandani. Na sisi tunaandika hakuna. Angepita hata ng'ombe mle ndani na pembe zake."

"Angepita."

"Sasa huyo ng'ombe alipita au hakupita?"

Fundi alifikiri kweli kweli, kama kawaida yake. "Hatuwezi kusema," alijibu.

"Hatuwezi kusema," Profesa alikubali. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alichukua rula na kalamu, akamwonyesha daftari. "Tupige mstari mmoja mkubwa kwenye kila ukurasa, tuandike 'batili', tumalize. Tuna maboksi ya kufunga."

"Hapana, Profesa."

Alimtazama. Katika miaka kumi na mmoja fundi hakuwahi kumwambia hapana.

"Niliandika moja moja," alisema. "Nitafuta moja moja."

"Ni siku karibu elfu."

"Najua."

Alilichukua daftari akaenda nalo chumba namba nane, akakaa kwenye kiti chenye mguu wa waya. Wapagazi sita walikuwa wanalitoa tangi mlangoni kwa magogo, wakiitana hoya, inua, hoya, shusha. Akaanzia siku ya kwanza baada ya tangi kufungwa; wiki ile safu ya jicho ilikuwa wazi, akafuta Hakuna tu, kisha akafika kwenye macho ya kwanza, ya penseli. Akapiga mstari mwembamba juu ya neno macho, ili bado lisomeke, akaandika juu yake: halikuamshwa. Akapiga mstari juu ya Hakuna, akaandika: hatukuangalia. Akatia herufi za jina lake pembeni, na tarehe ya leo. Akashuka mstari wa pili.

Karani wa stoo alichungulia saa sita, akakuta chumba kitupu na mtu mmoja katikati yake, ameinama.

"Mzee, mbona unalifuta jina lako mwenyewe?"

"Lilikuwa si langu," fundi alisema bila kuinua kichwa, na karani, ambaye hakuelewa, akakitazama kiti, akaona hakijabandikwa, akaahirisha.

Saa nane mkono ulianza kufa ganzi kwenye kidole gumba. Alikuwa amefika mwezi wa tano wa mwaka wa kwanza. Alisikia hatua, akaona sweta. Profesa alikuwa amebeba sanduku la spana kwa mikono miwili, na kumbe lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akalitua kando ya kiti, akalikalia, akachukua daftari na kuliweka mapajani mwake, likiwa limeelekea kwa fundi. Alikuwa na ile kalamu ya wino wa kijani.

"Wewe andika, mimi nikusomee tarehe. Na kila ukurasa ukiisha, nitafuta sahihi yangu."

"Utachoka, Profesa."

"Nimeshachoka. Tarehe kumi na sita."

Akaandika.

"Kumi na saba."

Akaandika. Alama za miguu ya tangi zilikuwa bado sakafuni, mistatili minne ya saruji safi kuliko nyingine, na vumbi lilikuwa limeanza kutua humo.

"Kumi na nane hukuja kazini," Profesa alisema. "Hapa uliacha wazi."

"Nilikuwa naumwa."

"Basi hiyo ni ya kweli. Iache." Akafuta sahihi yake chini, akafunua ukurasa. "Ishirini na moja."